Stesheni ya gari la moshi pale Ngome Kongwe: ilikuwa wapi hasa, na ilifungwa mwaka gani?

mwalimu_gulioni

Assalaam alaykum wadau.

Naandaa matembezi ya wanafunzi wa kidato cha tatu, kufuata njia ya lile gari la moshi la zamani kutoka Ngome Kongwe mpaka Bububu. Kila ninapotafuta tarehe napata jibu tofauti. Huyu anasema reli ilijengwa 1879, yule 1905. Kufungwa ndiyo fujo zaidi: 1888, 1911, 1922, 1928.

Naomba msaada kwa mambo haya. Stesheni ya mjini ilikuwa sehemu gani kwa leo? Tarehe ipi niwaandikie watoto? Njiani kuna nguzo za chuma za uzio ambazo watu husema ni reli zenyewe. Kuna namna ya kuhakikisha bila kubahatisha? Na mwisho, kuna mtu anauza mtandaoni "tiketi halisi ya Bububu" yenye nauli ya senti 30. Inunuliwe kwa ajili ya maonyesho ya skuli au niachane nayo?

---

karani_wa_nyaraka

Waalaykum salaam mwalimu. Tarehe zako hazipingani kama zinavyoonekana. Watu wamechanganya reli mbili, halafu kwa hiyo reli ya pili wamechanganya matukio matatu.

Reli ya kwanza ni ya Sayyid Barghash. Ilitandikwa mwaka 1879 kutoka mjini kwenda kasri lake la Chukwani, kusini. Mwanzo mabehewa mawili yalivutwa na nyumbu, baadaye kikaletwa kichwa kidogo cha mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza. Ilikuwa ya Sultani na watu wake. Barghash alipofariki Machi 1888, ikafa naye na vyuma vikang'olewa. Hiyo ndiyo 1879 na 1888 yako. Haihusiani na Bububu hata kidogo: moja ilielekea kusini, nyingine kaskazini, na kati yao kuna miaka 16 hivi ambayo Unguja haikuwa na reli ya abiria.

Reli ya pili ndiyo unayoitafuta. Kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney ilianza kazi 1904, na 1905 treni ikawa inatembea. Urefu maili 7, yaani kilomita 11 na kitu. Mwaka 1911 Serikali iliinunua. Hapo ndipo wengi huteleza: wanasoma kwamba kampuni "ilimaliza shughuli" 1911 na kuandika kuwa reli ilifungwa. Haikufungwa, ilibadili mwenyewe tu. Abiria waliacha kubebwa 1922. Baada ya hapo vichwa viliendelea kuvuta mawe kwa ajili ya kazi ya kufukia bahari na kujenga bandari mpya pale Malindi, mpaka 1928 hivi.

Kwa hiyo kwenye ubao wa watoto andika: "Abiria 1905–1922, mizigo ya mawe hadi mwisho wa miaka ya 1920." Ukiandika "1905–1928" peke yake, mtoto ataamini kuwa bibi yake angeweza kupanda 1926. Asingeweza, labda akae juu ya kifusi.

Uhai wa stesheni ya mjini kama stesheni ya watu ni miaka 17 tu.

---

taruma914

Naongezea kwenye mahali. Mwanzo wa reli ulikuwa nje ya Ngome Kongwe, upande wa bahari, na Ngome yenyewe ilitumika kama bohari ya reli. Usitafute jengo la stesheni lenye saa na jukwaa refu kama la Dar es Salaam au Tabora. Fikiria uwanja wa vumbi, reli, kichwa kinachotoa moshi, na watu wanaopanda kutoka usawa wa ardhi.

Sasa kwa nini hakuna hata alama? Kwa sababu eneo lile limepinduliwa mara nyingi. Mwaka 1936, kwa kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sayyid Khalifa bin Haroub, palitengenezwa bustani ya Jubilee, hii tunayoiita Forodhani. Ua wa Ngome ukatengenezwa 1949 na kuwa uwanja wa tenisi wa akina mama. Bustani ikafanyiwa ukarabati mkubwa tena 2008–2009. Kwa hiyo watoto wasimamishwe kati ya lango la Ngome na bustani, waambiwe "eneo hili", wasiambiwe "jiwe hili". Nimeshaona waongozaji wageni wakiwaonyesha watu msingi wa kibanda cha juzi na kuuita jukwaa la treni. Upuuzi mtupu.

Kuhusu njia yenyewe: ilitoka Ngomeni, ikapita mbele ya Beit-al-Ajaib na majumba ya kifalme, ikaingia Malindi. Kutoka Malindi ililazimika kuvuka mdomo wa Pwani Ndogo ili kufika upande wa Gulioni na Kinazini. Wakumbushe wanafunzi kuwa wakati ule Mji Mkongwe ulikuwa karibu kisiwa. Maji yaliingia nyuma yake, na Pwani Ndogo ilifukiwa kidogo kidogo baadaye. Wanayoyaona leo kama barabara kavu yalikuwa maji na matope. Baada ya hapo reli ikashika pwani: Maruhubi, Mtoni, Kibweni, Beit el Raas, Bububu, ikienda sambamba na barabara ya leo.

Malindi ndipo penye somo zuri kuliko pote. Upana wa reli ulikuwa futi 3, yaani milimita 914. Watu wakisikia futi 3 wanadhani treni ilikuwa na upana wa futi 3. La. Behewa la reli ya namna hiyo kwa kawaida huwa na upana wa mita 1.8 hadi 2.1, linaning'inia nje ya reli pande zote mbili. Liweke kwenye njia ya mita 3 yenye baraza, na mtu aliyekaa barazani hana budi kukunja miguu.

Kwenye kona hali huwa mbaya zaidi. Behewa refu likikata kona, tumbo lake linaingia ndani ya kona na ncha zake zinatoka nje. Kukadiria tumbo linaingia kiasi gani: chukua umbali kati ya bogi mbili (vigari vya magurudumu vilivyo chini ya behewa, kimoja kila upande), uzidishe kwa wenyewe, ugawe kwa mara nane ya nusukipenyo cha kona. Mfano wa darasani tu, si kipimo cha Bububu: bogi ziko mita 6, kona ina nusukipenyo cha mita 30. 36 kugawa kwa 240 ni 0.15. Sentimita 15 zimeliwa kutoka upande mmoja, kabla hujahesabu mtikisiko. Watoto wapime njia mbili tatu za Malindi kwa tepu na wafanye hesabu wenyewe, wataelewa kwa nini reli ile ililalamikiwa na wenye nyumba na kwa nini vichwa na mabehewa yalikuwa madogo.

---

baraza_la_malindi

Mkuu taruma914 umesahau moshi. Cheche zilikuwa kero kubwa: shati linatoboka, mwavuli unatoboka, na shamba kavu linaweza kushika moto. Kinga yake ni wavu wa chuma ndani ya kisanduku cha moshi, chini ya dohani. Wavu wenye matundu madogo unazuia cheche lakini unaziba kwa masizi, moto unakosa pumzi na mvuke unashuka. Dereva mwenye haraka anautoboa au anautoa. Ndiyo maana lawama za cheche hurudi tena na tena kwenye reli ndogo dunia nzima, hata pale ambapo wavu umewekwa. Kuni pia hutoa cheche nyingi kuliko makaa ya mawe, na paa la makuti halihitaji cheche mbili.

Kingine, nauliza: kwani Bububu si imeitwa hivyo kwa mlio wa treni? Hakuna aliyegusa hapo.

---

karani_wa_nyaraka

@baraza_la_malindi hilo halisimami. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliishi Bububu kabla hajaondoka Unguja mwaka 1866. Treni imekuja karibu miaka 40 baadaye. Mwalimu, hilo liondoe kabisa kwenye karatasi za wanafunzi, au lipe swali la mtihani.

Kuhusu ile tiketi: usinunue. Kwa muda wote reli ya Bububu ilipobeba abiria, fedha ya Zanzibar ilikuwa rupia. Shilingi ya Afrika Mashariki iliingia Zanzibar 1936, wakati treni imeshasahaulika. "Senti 30" peke yake si ushahidi tosha, kwa sababu rupia ya Zanzibar iliyotolewa 1908 nayo iligawanywa kwa senti 100. Kwa hiyo mwombe muuzaji picha ya pande zote mbili. Ukiona "Shs" au "EA", mchezo umekwisha. Ukiona senti bila neno jingine, angalia jina la mtoaji: kabla ya 1911 ingekuwa ya kampuni, baada ya hapo ya Serikali. Tiketi isiyotaja yeyote, haina namba ya mfululizo, na haikutobolewa wala kuchanwa pembe, ni karatasi tu. Fedha hiyo wanunulie watoto maji.

---

mwalimu_gulioni

Shukran sana. Hilo la Malindi na tepu nimelipenda, linaingia hata kwenye hisabati. Bado nguzo za chuma. Na nina picha mbili za kadi za posta, moja inaonyesha reli mbele ya Beit-al-Ajaib, nyingine inaonyesha reli nyembamba ufukweni ikiwa na vitoroli. Zote zimeandikwa "reli ya Bububu" na aliyeziweka mtandaoni.

---

pimamaji

Nguzo kwanza, kwa utaratibu huu.

Angalia umbo. Reli ya kawaida ina sehemu tatu: kichwa kinene juu, shingo nyembamba, na kitako bapa. Nguzo nyingi zinazoitwa "reli" mitaani ni boriti za chuma zenye umbo la H au I, ambazo juu na chini ni sawa. Kama pande mbili zinafanana, si reli ya treni. Usiendelee.

Kama ni reli, safisha shingo kwa brashi ya waya, taratibu, bila kupiga nyundo. Viwanda vingi vilichapa jina, mwaka na uzito kwenye shingo ya reli ilipokuwa bado ya moto. Herufi huwa zimeinuka, si zimechimbwa. Paka chaki juu yake au mulika tochi kutoka ubavuni ndipo zionekane. Reli iliyozikwa sehemu inaweza kuwa na maandishi chini ya ardhi. Usiing'oe, ni uzio wa mtu.

Hakuna maandishi? Kadiria uzito. Pale juu nguzo ilipokatwa, weka karatasi na uchore umbo la kata yote kwa penseli. Hamisha kwenye karatasi ya miraba ya milimita na uhesabu eneo. Zidisha milimita za mraba kwa 0.00785, unapata kilo kwa mita. Ukitaka ratili kwa yadi, ambacho ndicho kipimo cha vitabu vya zamani, zidisha tena kwa 2.016. Mfano: eneo 1,900 mm², ni kilo 14.9 kwa mita, karibu ratili 30 kwa yadi. Reli ya kiasi hicho ni ya njia nyepesi. Ukipata kilo 25 au zaidi kwa mita, hiyo ni reli nzito, na kuna uwezekano mkubwa imeletwa kutoka bara kama chuma chakavu.

Tahadhari: kutu ya pwani inakula kitako kwanza, kwa sababu maji ya chumvi hukaa pale. Reli iliyoliwa itakupa uzito mdogo kuliko halisi. Pima pale ambapo chuma bado ni kizima, karibu na juu.

Hata ukipata reli nyepesi, hujathibitisha Bububu. Umethibitisha reli nyepesi. Vitoroli vya bandarini na vya machimbo navyo vilitumia reli nyepesi. Upana ndio unaotenganisha, na upana huupati kwenye nguzo moja. Unaupata pale tu reli mbili zimebaki sambamba ardhini: pima kutoka uso wa ndani wa kichwa kimoja hadi uso wa ndani wa kingine, milimita 15 hivi chini ya juu ya reli. 914 ni Bububu. 610 ni ya vitoroli. 1,000 ni reli ya bara, Tanganyika na Kenya, na kwa Unguja haina mahali.

---

taruma914

Na hiyo ya 914 iliwaponza pia, ingawa si mara moja. Njia za bara zilikuwa za mita moja. Tofauti ya milimita 86 inatosha kuzuia gari lolote lisitumike upande wa pili. Kisiwani haijalishi mpaka utakapohitaji magurudumu au behewa la mtumba: jirani anavyo vingi lakini havikuingii. Reli ya maili 7 inategemea magari yake machache tu, na kichwa kimoja kikilala karakana, ratiba imekwisha. Ongeza barabara za lami na magari ya abiria yanayosimama mlangoni kwa mtu, na 1922 haihitaji maelezo mengi.

Picha za mwalimu. Ile ya vitoroli iondoe. Ukiona watu wanasukuma kwa mikono na gurudumu ni dogo kama sahani, hiyo si treni ya abiria hata kama iko ufukweni.

Ya Beit-al-Ajaib iangalie mnara. Kabla ya Agosti 1896 mnara wa saa ulisimama peke yake mbele ya majumba. Baada ya mabomu ya Waingereza ulibomoka, na mnara mpya wa saa ukajengwa ukiwa sehemu ya uso wa Beit-al-Ajaib. Kwa hiyo: mnara peke yake mbele ni kabla ya 1896, na reli yoyote hapo si ya Bububu. Mnara juu ya jengo, hakuna bustani, kuna reli: hapo ndipo penyewe. Bustani ya Jubilee ikionekana, ni 1936 au baadaye. Kama una kadi yenyewe mkononi, geuza nyuma. Mgongo usiogawanywa kwa mstari kati ya ujumbe na anwani kwa kawaida ni wa miaka ya mwanzo kabisa ya 1900. Ila kadi huchapishwa tena miaka mingi baada ya picha kupigwa, kwa hiyo mgongo unakupa tarehe ya karatasi. Tarehe ya treni itafute kwenye picha.

---

karani_wa_nyaraka

Kwa anayetaka kwenda mbali zaidi: Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Anza na Gazeti Rasmi, limetoka tangu 1892, humo ndimo matangazo ya Serikali yalipochapishwa. Kisha ripoti za mwaka za idara ya kazi za umma na vitabu vya takwimu vya Serikali, kuanzia 1911. Usipoteze siku kutafuta mapato ya reli ya 1907 humo. Wakati huo ilikuwa mali ya kampuni, hesabu zake hazikuwa za Serikali. Ripoti za kati ya 1922 na 1928 zisome chini ya bandari na ujenzi, maana reli ilikuwa imegeuka chombo cha mkandarasi.

Kwa mwenye njia ya kufika Nyaraka za Taifa za Uingereza pale Kew, London: mpaka 1913 Zanzibar ilikuwa chini ya Wizara ya Mambo ya Nje, ndipo ikahamia Wizara ya Makoloni. Kwa hiyo majadiliano ya ununuzi wa 1911 yako kwenye majalada ya Mambo ya Nje. Wengi hutafuta kwenye ya Makoloni, wanarudi mikono mitupu na kusema hakuna kitu.

---

pimamaji

Mwalimu, kuhusu siku yenyewe. Kilomita 11 kwa miguu juani na watoto ni nyingi. Tembeeni Ngomeni hadi Malindi, kisha pandeni daladala ya Bububu na mshuke sehemu mbili tu.

Ya kwanza ni Maruhubi, kama kilomita 4 kutoka mjini. Kasri limeungua tangu 1899, yaani abiria wa treni walilipita likiwa tayari gofu, kama mtakavyoliona nyinyi. Kati ya hapo na Mtoni wafundishe watoto kutambua tuta la reli: treni haipandi kama gari. Barabara inaweza kupanda mita 1 kwa kila mita 15. Reli ya namna hii inataka mita 1 kwa 40 au 50. Kwa hiyo tafuta ukanda mrefu ulionyooka ambao umeinuliwa kwenye bonde na kuchimbwa kwenye kilima, ukiwa na upana wa mita 3 au 4 hivi. Ukanda unaopanda na kushuka na ardhi ni njia ya ng'ombe. Kokoto za jiwe la matumbawe zisikupe uhakika, maana ziko kila mahali, na zikikanyagwa na kunyeshewa huwa unga.

Ya pili ni Beit el Raas. Sayyid Said alianza kujenga kasri hapo 1847, akafariki 1856 halijakamilika, likaachwa. Sehemu ya mawe yake ndiyo iliyotumika kujengea reli. Kilichobaki ni ukumbi wa mbele wenye ngazi na matao. Eneo ni la chuo kikuu, kampasi ya Nkrumah, kwa hiyo pelekeni barua siku kadhaa kabla. Na mkipita Kibweni, simu za watoto zibaki mifukoni: pana ikulu na kambi ya KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, hapapigwi picha.